Daftari langu limejaa maneno ya Kiingereza, lakini nikitaka kusema silioni hata moja

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mke na mama wa watoto wawili, na nimekuwa mtunza hesabu katika ofisi moja kwa miaka 14. Kwa muda mrefu kazi yangu haikudai Kiingereza kingi, kwa kuwa tarakimu ni zilezile kwa kila mtu na sisi wafanyakazi tunazungumza Kiswahili, lakini miaka miwili iliyopita ofisi yetu ilianza kushirikiana na watu wa nchi za mbali, na tangu hapo barua, taarifa na mikutano mingi imehamia kwenye Kiingereza. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni kinanitosha kusoma ankara na maelekezo mafupi. Hakinitoshi kueleza jambo.

Nilipoliona pengo hilo nilinunua daftari nene, nikachukua kamusi ndogo na kuanza ukurasa wa kwanza. Kila usiku ambao sikuchoka mno nimekuwa nikiandika maneno manne au matano, neno la Kiingereza kushoto na maana yake ya Kiswahili kulia, kisha nayasoma mara kadhaa kabla ya kulala. Leo daftari lina maneno takriban 2,000 na nimeingia herufi D. Mume wangu akilishika na kuniuliza neno mojamoja, mengi nayajibu, naye hufurahi. Lakini mkutanoni, mtu akinigeukia na kuniuliza jambo dogo tu, maneno yote hunikimbia, nikabaki kutikisa kichwa.

Mwaka jana nilihudhuria masomo ya jioni kwa muda mfupi. Mwalimu alituambia kwamba maneno hayahifadhiwi kwenye orodha, bali huokotwa katika muktadha: soma hadithi, usifungue kamusi, kisia maana kutokana na maneno ya jirani. Nilimwamini. Nikasoma hadithi fupi kadhaa, na humo nikakutana mara mbili na neno "reluctantly". Katika hadithi moja mzee aliwafungulia wageni mlango "reluctantly", katika nyingine dada alikubali "reluctantly" kumsaidia ndugu yake. Nikaona wazi kwamba maana yake ni kwa ukarimu, kwa moyo mweupe.

Wiki chache baadaye mkuu wa idara alinipa jukumu jipya la kuandaa taarifa ya kila mwezi kwa washirika wetu. Nilifurahi mno, nikamjibu kwa barua pepe ya Kiingereza niliyoitunga mwenyewe: "I reluctantly accept this new responsibility." Alinijibu kwa mistari miwili kwamba kama naliona jukumu hilo ni mzigo hatanilazimisha, na kesho yake alimpa mtu mwingine. Sikuelewa kilichotokea mpaka nilipomwonyesha binti yangu wa sekondari, akaniambia, "Mama, hilo neno maana yake ni shingo upande." Alicheka, nami nikacheka pamoja naye, lakini usiku nililia.

Sasa mwenzangu aliyepewa kazi ile amehamishwa, na mkuu wa idara ametuomba tunaoitaka tumwambie ndani ya wiki mbili. Naitaka. Kuna msichana ofisini, mdogo wangu kwa umri na kwa kazi, ambaye mimi ndiye niliyempokea na kumfundisha alipoajiriwa. Kiingereza chake ni kizuri, na ameniambia, "Dada, tukae nusu saa kila siku tuzungumze Kiingereza tu." Sijamjibu. Naona haya mtu niliyemwonyesha kazi awe ndiye anayenirekebisha namna ya kusema. Mume wangu kwa upande wake ananishauri nirudi kwenye daftari, kwa sababu, asemavyo, kamusi haidanganyi. Daftari halinipi ulimi, muktadha umenidanganya, na mazoezi yananitia aibu. Nishike njia ipi?

Wako,
Mwenye Daftari (jina limehifadhiwa)

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba ulicheka na binti yako na usiku ukalia. Mtu aliyeandika maneno 2,000 kwa mkono wake, usiku baada ya usiku, baada ya kazi ya ofisini na ya nyumbani, kisha neno moja likamkosesha nafasi aliyoifurahia, ana haki ya kulia. Sitaki tuliruke jambo hilo kwa haraka ili tufike kwenye mbinu.

Nikikuelewa vizuri, una maswali mawili yaliyofungamana. Moja ni la kujifunza, yaani maneno ya lugha huingiaje kichwani na hutokaje kinywani. La pili linahusu heshima yako: utasimamaje mbele ya mkuu wa idara aliyekuelewa vibaya, na mbele ya mdogo wako wa ofisini anayekunyooshea mkono. Naanza na la kwanza, kwa sababu nahisi baadhi ya mambo unayojilaumu kwayo hayakustahili lawama.

Unasema muktadha umekudanganya. Hebu tuzitazame tena zile sentensi mbili. Mzee aliwafungulia wageni mlango. Dada alikubali kumsaidia ndugu yake. Pale palipo na neno usilolijua, weka "kwa furaha", kisha "polepole", kisha "hatimaye", kisha "shingo upande". Yote yanakaa sawasawa. Sentensi zenyewe hazikukupa chochote cha kuchagulia, ndipo moyo wako ukachagua kwa niaba yako, ukachagua ukarimu, labda kwa kuwa wewe mwenyewe ndivyo unavyofungua mlango wako. Laiti ungelikutana na neno hilohilo katika sentensi kama "He reluctantly gave back the money and complained all the way home", yule mtu anayelalamika njia nzima angekuonyesha kwamba hakurudisha fedha kwa hiari. Muktadha upo wa namna nyingi. Upo unaotoa mwanga na upo usiotoa, na msomaji anayekisia katika ule usiotoa hafanyi kosa la uvivu. Nafikiri mwalimu wako alikupa nusu ya njia: alikwambia ukisie, ila hakukwambia kwamba kisio ni dhana ya kuhakikiwa baadaye, kwa kamusi au kwa mtu, hasa kabla ya kulitumia neno katika barua yenye uzito.

Kuna na suala la wingi wa maneno mageni katika ukurasa. Paul Nation, mwanaisimu wa New Zealand aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome vitabu na magazeti ya Kiingereza bila msaada anahitaji kuyajua maneno 98 katika kila 100 yaliyo mbele yake, na kwamba kiwango hicho hudai familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Usiogopeshwe na hesabu hiyo. Familia ya maneno ni jambo unalolijua tangu utotoni, kwani kwetu "soma", "msomaji", "somo" na "someka" ni ukoo mmoja, na ukishamjua mmoja wengine hawakupi tabu kubwa. Ninachotaka uone ni ile 98. Ukifungua hadithi na katika kila mstari ukakuta neno moja au mawili usiyoyajua, unakisia gizani. Ukichukua andiko jepesi zaidi, ambalo kila baada ya mistari minne au mitano unakutana na neno jipya moja, maneno yote ya jirani yanakuangazia. Kuna vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa wanaojifunza, kwa msamiati uliopimwa, na hakuna fedheha yoyote kwa mtu wa miaka 41 kuvisoma.

Sasa nije kwenye daftari. Mume wako anasema kamusi haidanganyi, nami naheshimu mapenzi yaliyo nyuma ya kauli hiyo. Lakini fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye daftari lake linasema kwamba "piga" ni kumgonga mtu au kitu. Atafanya nini atakaposikia kwamba fulani amepiga simu, amepiga picha, amepiga pasi, amepiga kura na amepiga kelele? Kamusi haikumdanganya, ila mstari mmoja wa daftari haukuweza kubeba yote ambayo neno hilo hufanya. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na Kiingereza nacho kina "piga" zake nyingi. Huko picha huwa "take", kosa huwa "make", mvua kubwa huwa "heavy" ilhali upepo mkali huwa "strong". Mtu hazioni jozi hizo katika daftari lenye neno moja kushoto na neno moja kulia. Huziona katika sentensi, kisha akazisikia, kisha akazisema mwenyewe.

Naomba uniruhusu niguse pia mpangilio wa alfabeti, maana hapa ndipo penye uchungu kidogo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza takriban 2,000 yaliyochaguliwa kwa kuangalia ni yapi hutumika zaidi na yana faida zaidi kwa mwanafunzi. Idadi hiyo inakaribiana na ya daftari lako. Maneno ya orodha yake hufunika takriban maneno 80 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida, wakati ya kwako yameishia D. Nina hakika unalo "abdicate", la mfalme anayekiacha kiti chake, na sidhani kama umewahi kulihitaji mkutanoni. "Reluctantly" lenyewe liko R. Isitoshe, alfabeti hukalisha pamoja maneno yanayofanana kwa sura, kama "adapt" na "adopt", na kichwa kikipewa mawili ya namna hiyo usiku mmoja huyachanganya kwa urahisi. Juhudi yako haikupungua popote. Ni kamusi iliyokuchagulia maneno, wakati kazi yako ingeweza kukuchagulia yanayokufaa zaidi.

Je, ulitupe daftari? Ningesita kukwambia hivyo. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, aligundua kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hudumu kuliko marudio mengi ya mkupuo mmoja. Wewe huyasoma maneno yako mara kadhaa usiku huohuo, kisha unaendelea na mengine. Huenda daftari likakufaa zaidi ukirudi kwa neno kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, tena ukiwa umeifunika maana kwa kiganja na kujilazimisha kuikumbuka kabla ya kuitazama. Kufunika huko ndiko kunakofanya kazi. Kusoma neno ambalo jibu lake liko wazi pembeni hutupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hupendeza, lakini mkutanoni hakuna wa kukushikia upande wa kulia wa ukurasa. Unaweza pia kuandika sentensi nzima uliyolikuta neno ndani yake, na chini yake sentensi yako moja inayohusu kazi yako. Gharama yake ni kwamba maneno matano kwa usiku yatakuwa mawili, na kwa mtu aliyezoea kuona kurasa zikijaa, hilo linaweza kuumiza mwanzoni.

Kuhusu maneno kukukimbia mkutanoni, nadhani unajihukumu kwa ukali. Kulielewa neno na kulitoa kinywani ni uwezo wa aina mbili hata katika lugha uliyonyonya. Ukisoma "ghaidhi" au "taadhima" bila shaka unaelewa, lakini ni lini mara ya mwisho uliyatamka? Hujui Kiswahili kwa sababu hiyo? Maneno yako 2,000 yamekaa upande wa kuelewa, na hayajawahi kupewa nafasi ya kuvuka. Huvuka kwa kutamkwa, kwa makosa, kwa kutafutwa katikati ya sentensi huku mtu akikusubiri.

Ndiyo maana ahadi ya mdogo wako wa ofisini nimeifikiria kwa muda mrefu. Unasema unaona haya kwa sababu wewe ndiye uliyempokea kazini. Nakuuliza kwa upole: alipokuwa akikosea hesabu mbele yako siku zile za mwanzo, ulimdharau? Kama hukumdharau, ni nini kinachokufanya uamini kwamba yeye atakudharau wewe? Yawezekana anaiona nusu saa hiyo kuwa njia yake ya kurudisha wema. Lakini pia haya yako si jambo dogo la kusukumwa kando, kwa maana mahali pa kazi pana masikio mengi, na mtu anayerekebishwa kila neno mbele ya wenzake anaweza kunyamaza kabisa. Ukimkubali, unaweza kumwekea masharti yako kama mkubwa wake: mkae pasipo wasikilizaji, asikukatize ukiwa unasema, na mwisho akutajie makosa mawili au matatu tu yaliyoficha maana. Mnaweza kuzungumza juu ya kazi ileile ya siku, kwa kuwa maneno ya ankara, salio na tarehe za malipo yatajirudia kila siku bila kulazimishwa, na kujirudia huko ndiko daftari lisikoweza kukupa.

Hatari nazo zipo. Yeye si mwalimu, na kuna mambo atakayokwambia kwa uhakika ambayo si sahihi. Uhusiano wenu wa kazi unaweza kuyumba siku mtakapotofautiana kwa jambo jingine. Ukiona hatari hizo ni kubwa kwako, binti yako yuko nyumbani, ingawa naye alicheka, na itabidi umwambie kwamba kicheko kile kilikuuma, huenda hajui. Au unaweza kuanza peke yako, kwa kujisimulia kwa sauti kazi ulizofanya mchana, dakika kumi kila jioni. Ukiwa peke yako hakuna anayekuona, lakini pia hakuna wa kukwambia kwamba "reluctantly" si moyo mweupe.

Nimebakiza mkuu wa idara. Umeniandikia kwamba hakuelewa, lakini sijaona popote ukisema kwamba ulimweleza. Kwa miezi yote hii yeye anaamini kwamba ulikataa kwa adabu, na huenda hata alidhani anakutendea wema kwa kukuondolea mzigo. Unaweza kuiomba kazi bila kugusa habari ya zamani, na hapo utailinda siri yako, ila atakapoliona jina lako anaweza kujiuliza ni kipi kilichobadilika. Unaweza pia kumweleza kwa Kiswahili, kwa maneno machache, kwamba ulitumia neno usilolijua vizuri na kwamba ulikuwa na furaha siku ile. Hapo unamwonyesha udhaifu wa lugha wakati uleule unapoomba kazi ya lugha, nami siwezi kukuhakikishia atalipokeaje. Wewe unamjua, mimi simjui. Ipo pia njia ya katikati ya kuomba uandae taarifa kwa miezi ya mwanzo huku mwenzako mmoja akiipitia kabla haijatumwa, jambo ambalo ofisi nyingi hulifanya hata kwa waandishi wazoefu. Taarifa ya kila mwezi, kwa bahati njema, ni andiko lenye mazoea yake: sentensi za mwezi huu hufanana na za mwezi uliopita, na taarifa za zamani zilizomo kwenye mafaili yenu ni muktadha ulio tayari, wenye maneno hasa unayoyahitaji, katika jozi zake sahihi. Hata kabla ya kuamua lolote ungeweza kusoma tatu kati ya hizo wiki hii, ukaona ni mara ngapi maneno yaleyale yanarudi, na ukajipima mwenyewe kama kazi hiyo iko mbali nawe kama unavyohofia.

Wiki mbili ni muda mfupi kwa kujifunza lugha, lakini zinatosha kwa mazungumzo mawili ambayo naona umeyaahirisha, la mdogo wako na la mkuu wako. Utaamua kama ufanye yote mawili, moja, au usubiri kwanza. Vyovyote utakavyoamua, niandikie tena, na ukiweza, nakili humo sentensi moja kutoka daftarini mwako, iliyotungwa na wewe mwenyewe. Ningependa sana kuisoma.

Wako mwaminifu,
Mshauri